Kwadi ya michezo inasumbua? Uliza kwanza ina masaa mangapi

Mteja akileta kwadi baiki (pikipiki ya magurudumu manne) hapa gereji, Igoma, Mwanza, simuulizi kwanza inasumbua nini. Namuuliza: ina masaa mangapi tangu oili ya mwisho? Wengi hunitazama kama nimewauliza umri wa mama mkwe. Kilomita za gari lao wanazijua, petroli waliyoweka jana wanaijua hadi shilingi ya mwisho, lakini masaa ya injini ya kwadi hakuna anayeyajua. Hapo inabidi nipapase. Injini inayowaka kwa shida inaweza kuwa na ugonjwa wa aina tano, na mara nyingi kinachoutenganisha huu na ule ni namba iliyoandikwa kwenye kaunta buku.

Walimu wa Kiswahili wanisamehe hilo neno "masaa". Najua wanasema wingi wa saa ni saa. Lakini siku moja nilimwandikia kijana wangu ujumbe, "badilisha oili ikifika saa kumi," naye akabadilisha alasiri ile ile, oili ikiwa bado mpya kabisa. Tangu siku hiyo, gerejini kwetu saa ni ya ukutani na masaa ni ya injini.

Kuhusu kilomita, kwadi za michezo kama Yamaha YFZ450R, Raptor 700 au Honda TRX450R hazichakai kwa umbali. Ukiwa ufukweni Luchelele unaweza kuzunguka masaa mawili gia ya pili, injini inalia, tairi za nyuma zinachimba mchanga, na umbali wenyewe usifike hata wa kwenda Magu. Baadhi hazina hata spidomita. Kwa hiyo ni masaa, na masaa yanahitaji mita.

Mita yenyewe inadanganya

Zipo aina tatu. Ya kwanza inahesabu kwa mtikisiko. Unaibandika tu kwenye fremu. Ya pili inaungwa kwenye waya unaopata umeme swichi ikifunguliwa. Ya tatu ina waya mmoja unaozungushwa juu ya waya wa plagi na kunusa cheche zinapopita. Mimi napendelea ya tatu, na sababu utaziona hapa chini.

Masaa yameongezeka na kwadi haijatembea. Kama mita ni ya swichi, mtu aliacha ufunguo umefunguliwa. Ushahidi wake ni betri kufa asubuhi, huku mita imeongeza masaa tisa ya usingizi. Kama ni ya mtikisiko, uliza kwadi ilibebwa wapi. Pikapu ya kutoka mjini mpaka Kayenze inaihesabia barabara nzima kama vile injini ilikuwa inafanya kazi. Yapunguze hayo masaa daftarini na uandike kwa nini umeyapunguza, maana baada ya miezi mitatu utakuwa umesahau na utajishuku mwenyewe kuwa umechakachua.

Mita ya waya wa plagi haihesabu, au inahesabu leo na kesho inalala. Angalia kwanza mizunguko ya waya wake juu ya waya wa plagi. Mitatu hadi mitano iliyokaza inatosha. Ikilegea kwa mtikisiko, mita haisikii kitu. Kisha fuata waya wote hadi kwenye mita uone kama umeyeyuka kwenye ekzosti au umechubuka ukagusa fremu. La mwisho ni betri ndogo ya ndani. Mita nyingi za bei nafuu zimefungwa moja kwa moja, betri ikiisha unanunua nyingine, na mpya inaanza sifuri. Kabla ya ile ya zamani kufifia kabisa andika namba yake ya mwisho. Nimeona kwadi inauzwa kwa "masaa 18 tu" huku vikanyagio vimelainika kama sabuni iliyobaki.

Mita inayoonyesha pia mizunguko ya injini kwa dakika inasoma mara mbili ya kawaida. Hilo si kosa la injini. Injini nyingi za silinda moja za mipigo minne hutoa cheche kila krenki ikizunguka, ingawa katika kila cheche mbili ni moja tu inayochoma mafuta. Mita ikidhani cheche moja ni mizunguko miwili, itasoma maradufu. Badilisha mpangilio wake. Masaa hayaathiriki, maana yenyewe inahesabu muda tu ilimradi cheche zinapita.

Kosa linalonichosha zaidi ni la kusoma. Mita ikionyesha 12.3, si masaa 12 na dakika 3, wala si dakika 30. Ni sehemu tatu za kumi za saa, yaani dakika 18. Kila sehemu moja ya kumi ni dakika sita.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna mita inayolijua: saa moja ya mtoto wa tajiri kujifunza kuendesha uwanjani si sawa na saa moja ya kukimbizana mchangani. Kwa hiyo mbele ya kila safari naandika herufi: P kwa pole, T kwa tope, M kwa mchanga. Injini ya cc 450 yenye M nyingi naitoa oili kila masaa 10. Ya 700 inayotembezwa kwa P naifikisha 20, hata 25, na hapo nafuata kwanza kitabu cha mtengenezaji. Daftari likishakuwa na herufi hizo, dalili nyingi zinajieleza.

Inawaka kwa shida

Fungua daftari kabla hujafungua plagi. Kama safari ya mwisho ilikuwa wiki sita zilizopita na masaa tangu sevisi ni machache, usiende mbali: petroli imechacha, na kama ni ya kabureta, jeti ndogo ya silensa (kitundu cha petroli cha wakati injini inanguruma bila kukanyaga mafuta) imeziba. Mwaga petroli, safisha jeti, chaji betri. Hapo wengi wanaondoka na kwadi yao siku hiyo hiyo.

Lakini kama inatembea kila Jumapili, na mwezi uliopita iliwaka kwa starta mara moja, wiki iliyopita mara nne, na leo mpaka isukumwe, hiyo ni habari nyingine. Kitu kinachozidi kidogo kidogo kadiri masaa yanavyopanda ni kitu kinacholika, na kwenye injini za michezo mtuhumiwa wa kwanza ni valvu. Watu hudhani valvu ikichakaa inalegea na kupiga kelele. Huku ni kinyume. Uso wa valvu na kiti chake vinalika, valvu inazama ndani zaidi kwenye kiti, shina linapanda, na nafasi kati yake na kamu (shafti inayoisukuma) inapungua mpaka inaisha. Valvu haifungi tena sawasawa, mgandamizo unavuja, na injini inakuwa kimya na nzuri masikioni huku inakufa. Dalili zake nyingine: haikai silensa bila choki, na inazima ukiachia mafuta ghafla.

Kipimo ni fila (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi), injini ikiwa imelala usiku kucha, pistoni ikiwa juu kabisa kwenye mpigo wa kugandamiza. Chukua namba za kitabu cha injini yako, usiazime za jirani. Na usiandike "valvu sawa". Andika namba. Valvu ya kuingiza iliyokuwa milimita 0.12, masaa 20 baadaye 0.10, na 20 mengine 0.07, inakwambia yenyewe lini itagusa. Ukishabadilisha shimu (kidonge cha chuma cha kurekebisha nafasi hiyo) na baada ya masaa machache nafasi imeisha tena, acha kubadilisha shimu. Valvu hiyo imekwisha, unahitaji valvu mpya na kiti kukatwa upya. Najua bei yake inauma. Kichwa cha valvu kikikatika na kuangukia pistoni, bei ndiyo inaanza.

Kuna dalili inayofanana na hii ambayo ni ya mahali petu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kwadi ya kabureta iliyotegeshwa kwa Dar es Salaam ikifika Mwanza inakunywa petroli kuliko hewa: plagi inatoka nyeusi yenye masizi makavu, kuna harufu ya petroli, moshi mweusi ukikanyaga, na nguvu inachelewa. Hapo jeti kubwa inashuka saizi moja, pengine mbili. Ila kabla hujagusa jeti yoyote osha ea klina, kwa sababu ea klina iliyoziba inaleta dalili hizo hizo moja kwa moja. Zenye injeksheni hujirekebisha zenyewe.

Moshi wa bluu, oili inapungua

Tulipo ni nchi ya mawe. Miamba ile mnayopigia picha inamomonyoka na kuwa mchanga wa chengachenga ngumu, ule ambao Wasukuma wanauita luseni. Kwa mihogo ni mzuri. Kwa silinda ni msasa.

Nitajitaja mwenyewe. Kwadi yangu ya 450 niliiosha ea klina mita ikiwa 140.2, jioni, taa ikiwa hafifu, nikairudisha mdomo wake ukiwa umejikunja upande mmoja. Sikuona. Masaa 11 ya mchanga baadaye ilianza kutoa moshi wa bluu kila nikikanyaga mafuta. Nilisingizia oili, nikasingizia petroli. Daftari ndilo lililonirudisha: kabla ya 140 hakuna moshi, baada ya hapo upo, na kilichofanyika pale ni ea klina tu. Nilipoingiza kidole kwenye mpira wa kuelekea kabureta kilitoka na vumbi. Ringi na silinda vilikuwa vimekwisha kwa masaa 11.

Kwa hiyo pima hivi. Chukua kitambaa cheupe, futa ndani ya mpira huo, upande wa injini, baada ya kutoa ea klina. Kikitoka safi, vumbi halijapita. Kikitoka na chenga, tafuta zilikopita: mdomo uliojikunja, sponji iliyochanika kwenye mshono, klampu iliyolegea, au boksi lenye ufa.

Sponji inaoshwa kwa mafuta ya taa kwanza, halafu sabuni na maji. Unaibinya, huikamui kama deki. Petroli hapana, inakula gundi ya mishono, achilia mbali moto. Ikauke kivulini, ipakwe oili maalumu ya sponji mpaka rangi ienee, na mdomoni upake grisi. Oili ya kawaida ya injini ni afadhali kuliko sponji kavu, lakini kwa joto letu hushuka chini yote na kuacha juu kukavu, basi ukiitumia osha tena baada ya siku moja ya mchanga. Mimi natembea na sponji mbili zilizokwisha pakwa kwenye mfuko wa nailoni.

Moshi wenyewe usiuchanganye. Bluu inayotoka dakika ya kwanza tu baada ya kulala, kisha inapotea, ni sili za valvu. Bluu kila ukikanyaga ni ringi na silinda. Nyeusi ni petroli. Nyeupe nzito isiyoisha, yenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanaungua ndani.

Na kabla hujasema oili inapungua, hakikisha unajua kuipima. Injini kadhaa za michezo zinahifadhi oili kwenye tangi la pembeni, na kwadi ikilala, oili huteremka chini ya krenki. Ukichomoa kijiti asubuhi utaona pakavu. Kijana mwenye haraka anaongeza nusu lita, injini inapashwa, oili inarudi tangini, imezidi, inatapikwa kwenye boksi la ea klina, na moshi huo hapo. Iwashe, iache inguruma dakika chache mpaka ipate moto, izime, ndipo upime.

Inachemsha

Msimu wa mvua sababu ni moja karibu kila mara, tope. Udongo mweusi wa mbuga unanata kwenye matundu ya rejeta na ukikauka unakuwa tofali. Usiupige kwa maji ya presha uso kwa uso, utalaza mapezi. Loweka, kisha pitisha maji ya mpira wa kawaida kutoka nyuma kuja mbele. Sababu ya pili watu wa mbali na ziwa hawataiamini: wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi. Pita katikati ya wingu lao jioni moja tu kisha utazame rejeta na ea klina.

Rejeta safi na bado inachemsha ukienda polepole, lakini ukikimbia inapoa? Feni haizunguki. Iunge moja kwa moja na betri. Ikizunguka, feni ni nzima, fuata fyuzi na swichi ya joto. Isipozunguka, mara nyingi ni tope ndani ya mota.

Ikichemsha hata barabarani, na kila baada ya safari maji yamepungua bila kuonekana yanakovuja, fungua kifuniko asubuhi injini ikiwa baridi, iwashe, utazame. Mapovu yanayopanda mfululizo ni gasketi ya kichwa. Kifuniko hicho usikifungue ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa.

Nimezoea kuona watu wanaiingiza ziwani kuipoza na kuiosha. Chuma cha moto kwenye maji baridi ni kujitafutia ufa, na oili na grisi zote zinabaki kwenye maji ambayo mtu wa pembeni yako anachota. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Osha nyumbani. Oili chafu iweke kwenye dumu. Mafundi wa mbao wanaipaka kuzuia mchwa, hutakosa wa kuichukua.

Oili imekuwa kama chai ya maziwa

Maji yameingia. Swali ni kutoka wapi, na daftari linajibu: safari ya mwisho ilikuwa na herufi T na kijito? Basi yalipita kwenye boksi la ea klina au mpira wa kupumulia. Usiiwashe tena. Mwaga oili, weka ya bei nafuu, ingurume dakika tano, mwaga, rudia mpaka itoke bila weupe, ndipo uweke nzuri na filta mpya. Kama hujavuka maji yoyote, angalia tundu dogo chini ya pampu ya maji. Likidondosha, sili ya pampu imechoka. Na kama masaa yako yote ni ya safari za dakika tano tano, weupe kidogo kwenye kifuniko tu ni mvuke. Ipe safari ndefu kabla hujamwita fundi.

Injini inalia, kwadi haiendi

Klachi inateleza. Uliza oili imebadilishwa lini na ni ipi. Kama tatizo lilianza ndani ya saa moja baada ya kubadilisha, jibu unalo: imewekwa oili ya gari yenye vilainishi vya kupunguza msuguano, na klachi yako inaogelea ndani yake. Tafuta kopo lenye maandishi JASO MA au MA2, alama za oili ya pikipiki. Mara nyingi oili sahihi ikibadilishwa mara mbili klachi inarudi. Kama ni oili sahihi na masaa ni mengi, angalia kwanza uchezaji wa kebo kwenye mkono. Kebo iliyokazwa sana inaiacha klachi imeshikwa nusu muda wote, na hapo sahani zinaungua kweli.

Chini ya kwadi

Cheni inagonga au inaruka: pima ulegevu pale ilipokaza zaidi, maana cheni iliyovutika haivutiki sawasawa. Nyingi zinataka milimita 25 hadi 40, kitabu chako kitasema ngapi. Sproketi ikiwa na meno yaliyolala kama mapezi ya samaki, badilisha zote mbili pamoja na cheni.

Usukani unavuta upande: pima upepo kabla ya kugusa tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na tairi za mbele). Tairi hizi zinabeba psi 4 hadi 6 tu, na geji za magari za vituo vingi vya mafuta hazisomi chini ya 10, ndiyo maana kila anayejaza huko anarudi na tairi ngumu kama mpira wa kikapu. Nunua geji ndogo. Ekseli ya nyuma ni ya kipande kimoja, haina difu (gia zinazoruhusu tairi mbili kuzunguka kwa kasi tofauti), hivyo tairi moja ya nyuma ikizidi nyingine unene inakusukuma pembeni muda wote.

Nyuma inayumba kwenye kona: inua kwadi, shika tairi zote mbili za nyuma, tikisa juu na chini. Ikicheza, kaza nati za ekseli kwanza kisha tikisa tena. Ikiendelea kucheza ni beringi za kibeba ekseli. Zikitolewa utakuta maji na mchanga ndani, kwa hiyo weka beringi zote mbili na sili zake kwa mara moja, halafu ufungue ukurasa wa T uhesabu zimedumu masaa mangapi. Zangu za mwisho zilifika 60, na kwenye 50 zinazofuata nitazifungua kabla hazijaanza kelele.